Umbali wa angani kutoka Mombasa hadi Jeddah, na muda ambao ndege huchukua

Mjukuu wa Kuze ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu wa Mombasa na kwingineko.

Mama yangu, ambaye umri wake umeshavuka sabini, amejaaliwa kwenda Umra, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumtafutia tiketi na kufuatana naye. Kabla sijatoa pesa, ningependa kulielewa jambo ambalo kila ninayemuuliza hunipa jibu la kwake. Kikokotoo kimoja cha mtandaoni kinasema kwamba kutoka Mombasa hadi Jeddah ni kilomita 2,850 na kitu, na kwamba ndege hufika kwa muda usiotimia saa nne. Wakala wa tiketi hapa mjini amenipa ratiba ya kupitia Nairobi, ambayo jumla yake ni muda wa saa tisa. Jirani yetu aliyekwenda miaka ya nyuma, naye pia kwa njia ya Nairobi, anashikilia kwamba safari yote ni ya saa tano.

Kisha kuna wakala wa pili, ambaye amenipa njia ya Dubai kwa bei iliyo nafuu kidogo. Huyu aliniambia kwa mdomo kwamba kipande cha kwanza ni saa tano na cha pili ni saa tatu. Lakini nilipoketi nyumbani nikazitoa saa za kuondoka katika saa za kufika kama zilivyoandikwa kwenye karatasi aliyonipa, kipande cha kwanza kikatoka saa sita na cha pili kikatoka saa mbili. Nimeirudia hesabu hiyo na jibu ni lile lile.

Ninachotaka kujua ni umbali halisi, muda halisi ambao mama atakuwa amekaa kitini (miguu yake huvimba akikaa sana), na kama kurudi huchukua muda ule ule wa kwenda, au upepo wa kusi na kaskazi una athari kwa ndege kama ulivyokuwa nayo kwa majahazi. Mwenye kuijua habari ya mikati, ule mpaka ambao mwenye kwenda Umra hutia nia kabla ya kuuvuka, yaani ndege huifikia baada ya muda gani, naye tafadhali atueleze.

---

Mwalimu wa Tudor amejibu:

Waalaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amtakabalie mama yetu.

Nitaanza na umbali, kwa kuwa ndio wenye jibu moja, na kwa bahati njema Mombasa na Jeddah ni miji ambayo mtu anaweza kuupata umbali wake kwa kalamu na kipande cha karatasi bila kuhitaji mtandao. Uwanja wa ndege wa Moi uko takriban digrii 4.0 kusini mwa ikweta, katika longitudo ya digrii 39.6 mashariki. Uwanja wa ndege wa Jeddah uko takriban digrii 21.7 kaskazini mwa ikweta, katika longitudo ya digrii 39.2 mashariki. Utaona kwamba longitudo zinatofautiana kwa chini ya nusu digrii, maana yake Jeddah iko kaskazini yetu sawasawa, bila kupinda kulia wala kushoto kwa kiasi cha kutajwa. Makka nayo iko hivyo hivyo, na ndiyo maana misikiti ya Mji wa Kale, pamoja na ile iliyojengwa juzi Nyali na Kisauni, mihirabu yake imeelekezwa kaskazini. Kibla cha Mombasa hakiachani na kaskazini halisi hata kwa nusu digrii.

Kwa hiyo tunajumlisha latitudo mbili, 4.0 na 21.7, tunapata digrii 25.7. Kila digrii moja ya latitudo ina maili 60 za baharini, na ndivyo manahodha na marubani wanavyohesabu hadi leo. Mara 60, tunapata maili 1,542. Na kwa kuwa maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, jibu ni kilomita 2,856. Vikokotoo vingine vitakupa pungufu ya hapo kwa kilomita kumi hivi, kwa sababu dunia si tufe kamili na digrii za karibu na ikweta ni fupi kidogo, lakini ukisema kilomita 2,850 hutakuwa umemdanganya mtu.

Mstari huo ukiufuata kwenye ramani, unatoka Mombasa ukipanda na kaunti ya Tana River, unaikaribia Garissa na hapo hapo unavuka ikweta, unaingia Ethiopia mashariki kidogo ya Moyale, unapita jirani na Addis Ababa, unapita Mekelle, unatokea kwenye bahari karibu na Massawa huko Eritrea, na kutoka hapo ni Bahari ya Shamu mpaka Jeddah. Tena huu ni mmoja kati ya mistari michache ambayo inaonekana minyoofu kwenye ramani ya ukutani na ikawa ndiyo njia fupi kweli, kwa sababu inafuata longitudo. Ukichora safari ya Nairobi hadi New York kwa rula juu ya ramani kama hiyo, utakuwa umechora njia ndefu kuliko ile ambayo ndege huifuata.

Sasa angalia njia ulizopewa. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 420 za angani, na Nairobi hadi Jeddah ni kama 2,560. Jumla 2,980, yaani unaongeza kilomita 130 tu juu ya mstari mnyoofu. Kwa Addis Ababa mambo ni mazuri zaidi, kwani Mombasa hadi Addis ni kama kilomita 1,440 na Addis hadi Jeddah ni kama 1,410, jumla 2,850. Addis imekaa juu ya mstari wenyewe, tena katikati yake, kana kwamba imepimwa. Dubai ni habari nyingine: Mombasa hadi Dubai ni kama kilomita 3,670, na kutoka Dubai kurudi magharibi hadi Jeddah ni kama 1,700, jumla inakaribia 5,370. Hiyo ni karibu mara mbili ya umbali unaohitajika.

Juu ya upepo nitarudi baadaye. La muda nawaachia wanaoshughulika na tiketi kila siku.

---

Fundi Ratiba amejibu:

Ndugu Mjukuu wa Kuze, mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya tiketi kwa miaka mingi, na swali lako ndilo tulilokuwa tukiulizwa zaidi baada ya lile la bei. Hapana aliyekudanganya kati ya hao wanne. Kila mmoja ameanza kupima mahali pake na akaishia mahali pake.

Kikokotoo huuchukua umbali, huugawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege ya abiria, ambao ni kati ya kilomita 800 na 850 kwa saa, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka. Gawa 2,850 kwa 830 na utapata saa tatu na dakika ishirini na sita. Ongeza nusu saa, na unakaribia saa nne bila kuzifikia. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa kwa ndege ambayo ingetoka hapa Mombasa ikaenda Jeddah bila kutua popote, na tatizo lake ni kwamba ratiba za kawaida humpitisha abiria wa Mombasa mahali pengine kwanza.

Jirani yako amehesabu muda aliokaa ndani ya ndege peke yake. Mombasa hadi Nairobi ndege huwa angani dakika arubaini hadi arubaini na tano, lakini kwenye tiketi imeandikwa saa moja au zaidi kidogo, kwa kuwa saa ya kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa kule iendako, siyo pale magurudumu yanapoacha ardhi. Kipande hicho ni kifupi kiasi kwamba ndege haikai juu: wahudumu hawajamaliza kugawa maji na taa ya mikanda imeshawaka tena. Nairobi hadi Jeddah, kwa kilomita zile 2,560, ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne kwenye tiketi. Jumlisha, utapata hizo saa tano za jirani. Wakala aliyekupa saa tisa amehesabu tangu mnapoondoka Mombasa hadi mnapofika Jeddah, pamoja na saa nne za kungoja Nairobi. Kwa hiyo tiketi ya jirani na tiketi ya wakala zaweza kuwa safari ile ile.

La Dubai nalo lina sababu yake, na hesabu yako uliyoirudia haina kosa. Mombasa, Nairobi, Addis Ababa na Jeddah zote zinatumia saa moja, hivyo kwa njia za Nairobi na Addis ukitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika unapata muda wa kweli. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, na saa zinazoandikwa kwenye tiketi daima ni za pale mahali penyewe. Ndege ya saa tano ikitoka Mombasa saa nne asubuhi kwa saa yetu inafika Dubai saa kumi jioni kwa saa yao, na wewe unaona saa sita. Unapotoka Dubai kwenda Jeddah, ile saa moja inarudishwa, na kipande cha saa tatu kinaonekana cha saa mbili. Ukitoa mwanzo wa safari nzima katika mwisho wake, yaani kuondoka Mombasa na kufika Jeddah, saa hiyo inajifuta yenyewe na jumla inakuwa sahihi.

Kwa muda wa kitini, basi, shika hivi: kupitia Nairobi ni saa tano au pungufu kidogo, kupitia Addis ni saa nne na nusu hadi tano, kwa vipande viwili vinavyokaribia kulingana, kupitia Dubai ni saa nane. Kinachobaki ni kungoja, na huko ndiko ratiba zinakotofautiana sana kuliko angani. Nimewahi kuona tiketi ya Addis yenye kungoja saa moja na nusu na nyingine ya siku ile ile yenye kungoja usiku kucha. Mwulize wakala swali hili kwa maneno haya haya: "Tutakaa muda gani chini?"

---

Mpita Njia amejibu:

Nimewasoma kwa makini, lakini naona mnawaonea watu wa Dubai kwa sababu ya kilomita, ilhali abiria hatembei kwa miguu. Tangu Januari 2024, flydubai walipoanzisha safari za kutoka Mombasa, mtu anaingia ndege ya kimataifa hapa hapa Changamwe, anagongewa pasipoti yake hapa hapa, na mzigo wake unasajiliwa hapa hapa hadi mwisho wa safari ikiwa tiketi ni moja. Kwa njia ya Nairobi mtu anasafiri kwanza kama msafiri wa ndani, kisha anatoka jengo moja kwenda jengo jingine, anakaguliwa upya, anapanga foleni ya uhamiaji, na kama ndege ya kutoka Mombasa imechelewa kidogo, roho inamwenda mbio. Je, hilo halihesabiwi kuwa ni uchovu? Mimi ningechukua saa tatu zaidi za kukaa kwenye kiti kuliko mbio hizo, na ile nafuu ya bei ningemnunulia mama zawadi.

---

Fundi Ratiba amejibu:

Ndugu Mpita Njia, hoja ya kugongewa pasipoti Mombasa ni nzuri na ina uzito, lakini haiihusu Dubai peke yake. Ethiopian Airlines nao huruka kutoka Mombasa hadi Addis kama safari ya kimataifa, hivyo faida yote uliyoitaja inapatikana kwa njia ambayo ni karibu nusu ya urefu wa hiyo ya Dubai. La kuangalia tu ni kama ndege inakwenda Addis moja kwa moja au inatua kwingine njiani, kwani ratiba hubadilika, na kutua kwa kati huongeza karibu saa nzima hata kama abiria hashuki.

Kwa wanaopitia Nairobi, kinga yao ni kununua tiketi moja kwa safari nzima. Ukikata tiketi ya Mombasa hadi Nairobi mbali, na ya Nairobi hadi Jeddah mbali, kwa kuwa tu umeona unapunguza shilingi elfu mbili au tatu, basi kuchelewa kwa ndege ya kwanza kunakuwa mzigo wako mwenyewe. Ndege ya pili haina habari nawe. Kwa tiketi moja, shirika lililokuuzia ndilo lenye jukumu la kukufikisha. Na hata kwa tiketi moja, mimi sipendi kungoja kwa Nairobi kuwe chini ya saa mbili na nusu kwa mtu anayefuatana na mzee.

---

Bint Kisauni amejibu:

Kaka Mjukuu wa Kuze, mimi nilikwenda na mama yangu, naye umri wake ni kama wa mama yako na miguu yake ni hiyo hiyo, kwa hiyo nitasema yale ambayo vikokotoo havisemi.

Sisi tulipitia Addis. Kwa miguu inayovimba, vipande viwili vya saa mbili na robo ni afadhali sana kuliko kipande kimoja cha saa tano, kwa sababu anashuka, anatembea kidogo, anajinyoosha, kisha anakaa tena. Lakini hiyo faida unaweza kuipoteza yote pale katikati usipojiandaa. Wakati wa kukata tiketi omba kiti cha magurudumu, na uhakikishe kimeandikwa kwenye tiketi, siyo kuahidiwa kwa mdomo. Sisi tuliahidiwa na wakala ambaye simtaji, na tulipofika kaunta tukaambiwa hakuna kitu kilichoandikwa. Tulikipata mwisho, ila baada ya mama kusimama sana. Kisha, tulipotua Addis, ndege haikuegeshwa jengoni; tulishuka kwa ngazi mpaka chini, tukapanda basi ambalo viti vyake ni vichache na watu wengi husimama, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini wale wa kaunta walituandikia upya kwamba mama hawezi ngazi, maana kuna gari la kuinua watu wa namna hiyo, lakini haliji bila kuitwa.

Na Addis ni baridi. Uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ilhali wetu hauzidi mita sabini, na mzee aliyezoea joto la Mombasa huanza kutetemeka hata kabla hajafika kwenye basi. Shali na soksi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye sanduku lililokwenda chini.

Mikati sasa. Kwa wanaokwenda kutoka upande wa kusini tuliambiwa na shekhe wa msafara wetu kwamba mikati ni Yalamlam, iliyo kusini mwa Makka, na ndege hupita sambamba nayo ikiwa imeshaanza kushuka kuelekea Jeddah, nusu saa hivi kabla ya kutua au pungufu. Kwa hiyo kutoka Addis ni kiasi cha saa moja na nusu tangu kuruka, na kutoka Nairobi ni kiasi cha saa tatu. Wanaume wa msafara walioga nyumbani, wakabadilisha nguo uwanjani Addis na kungojea nia, kwa sababu choo cha ndege si mahali pa kujifunga shuka mbili huku watu wanagonga mlango. Mama yako hana vazi maalumu, yeye ni nia na talbia tu, hivyo jukumu lako ni kumwamsha. Haya ya fikihi mthibitishe na shekhe wenu, hasa mkipita Dubai, maana huko mnaingia kutoka upande mwingine na mikati yake si hiyo.

---

Mwalimu wa Tudor amejibu:

Niliahidi kurudi kwenye upepo.

Kusi na kaskazi ni pepo za chini. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini-mashariki, na kusi huvuma katikati ya mwaka ikitokea kusini, na majahazi yaliyokuwa yakienda Arabuni yalilazimika kuzingoja kwa kuwa hayakuwa na nguvu nyingine. Ndege ya abiria husafiri katika kimo cha kilomita kumi au kumi na moja hivi, ambako pepo hizo hazifiki. Mahali zinapoigusa ni hapa uwanjani: ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na njia ya kurukia ya Mombasa, ile ndefu ya mita 3,350, imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Kwa hiyo wakati wa kaskazi ndege inayokwenda Addis huruka ikiwa tayari inatazama karibu na iendako, na wakati wa kusi huruka ikiupa mgongo upande wa safari kisha ikageuka angani. Tofauti yake ni dakika chache tu.

Huko juu kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, lakini makali yake yako mbali na ikweta, na ndizo zinazofanya ndege ya kutoka New York kwenda London ifike mapema kuliko ile inayokwenda kinyume chake. Safari yenu ni ya kusini kwenda kaskazini, na sehemu kubwa yake iko karibu na ikweta, hivyo upepo mwingi utaipiga ndege ubavuni badala ya kuisukuma au kuizuia. Ukiona tiketi ya kurudi imetofautiana na ya kwenda kwa dakika kumi au kumi na tano, usishangae. Ikitofautiana kwa saa nzima, angalia kama ndege inatua mahali.

Niongeze jambo moja ambalo vikokotoo hulisahau. Ndege hazifuati mstari wangu wa rula; zinafuata njia za anga zilizopangwa, na nchi ikifunga anga yake njia hizo husogezwa. Sudan ilifunga ya kwake vita vilipoanza Aprili 2023, na ndege zilizokuwa zikipita juu ya Khartoum kuelekea Ulaya zikalazimika kuzunguka. Mstari wa Mombasa hadi Jeddah haupiti Sudan, kwa hiyo ninyi hamuguswi sana, lakini ndiyo sababu kilomita za kweli kwenye kila safari huzidi kidogo zile za karatasi.

---

Mjukuu wa Kuze ameandika:

Nawashukuru nyote, hasa Fundi Ratiba kwa kuiondoa ile saa moja ya Dubai iliyokuwa imeninyima usingizi. Nimezungumza na wakala leo na tunaelekea Addis, tiketi moja, kiti cha magurudumu kimeandikwa na nimekiona kimeandikwa. Muda wa chini ni saa mbili na dakika arubaini.

Limebaki moja. Kwenye ratiba ya kurudi, kipande cha kutoka Jeddah kimeandikwa saa 01:30 na siku imeandikwa Ijumaa. Mama anasema kwamba kwa hivyo tutaswali Ijumaa Makka ndipo tuondoke, na ameshawaambia watu hivyo. Mimi nina wasiwasi.

---

Fundi Ratiba amejibu:

Wasiwasi wako ni wa haki, na nimeona watu wazima wakiachwa na ndege kwa jambo hili. Saa 01:30 ni saa saba na nusu za usiku, na tarehe ya tiketi hubadilika usiku wa manane. Ndege hiyo ni ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi mkishaswali Isha tayari mnatakiwa kuwa njiani. Ijumaa mchana, kama vipande vyote vitakwenda kwa wakati, huenda mkawa mmeshafika Mombasa.

Kama mama ameweka moyo wake kwenye swala ya Ijumaa Makka, mwombe wakala leo, kabla tiketi haijalipiwa, awahamishie kwenye ndege ya Ijumaa usiku, ambayo ikiwa na saa hiyo hiyo itaandikwa Jumamosi. Kubadilisha kabla ya kulipa ni bure. Baadaye kuna faini, na mara nyingi kuna tofauti ya nauli juu yake.

Mkibaki na hiyo ya kwanza, hesabuni kurudi nyuma. Muwe uwanjani Jeddah saa tatu kabla, ambayo ni Alhamisi saa nne na nusu za usiku. Kutoka Makka hadi uwanjani ni zaidi kidogo ya saa moja kwa gari barabara ikiwa tupu, na usiku wa kuamkia Ijumaa haiwi tupu, kwa hiyo mtoke hotelini saa mbili na nusu, na tawafu ya kuaga muwe mmeshaimaliza kabla ya hapo.